Sukari ya Saa Sita Mchana

Hospitali ile ilikuwa na namba za ndani mia mbili na kumi na nne, na mwanamke aliyekaa kwenye chumba cha simu alizijua zote kwa kichwa. Wodi ya wazazi, maabara, famasi, jikoni, kufulia, ofisi ya mganga mkuu, kibanda cha mlinzi wa geti la nyuma: ukimtajia mahali, kidole chake kilishafika kwenye kitufe kabla hujamaliza kusema. Wenzake walimwita Mama Namba. Wapo madaktari waliofanya kazi pale miaka mitatu bila kumwona uso, wakamjua kwa sauti tu.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ngazi. Kilitosha meza moja, viti viwili, na feni iliyozunguka huku ikilalamika. Dirisha lilitazama uani, mahali wafagizi walipoanika matambara ya kudekia. Ukutani, mwenzake wa zamu ya jioni, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amebandika karatasi yenye namba zote. Mama Namba alikaa akiipa mgongo. Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuihitaji, na kusema kweli alijivunia hilo, maana pale kazini hakuwa na kingine cha kujivunia.

Sukari ilimpata akiwa na miaka arobaini na tisa. Sasa alikuwa na hamsini na minane. Miaka ya mwanzo hakuihangaikia sana. Alimeza vidonge, akapanda kliniki pale pale ghorofa ya pili kila baada ya miezi mitatu, akala alichozoea kula. Halafu vipimo vya mwaka ule vikatoka vibaya, na daktari aliyekuwa zamu akamwambia, mbele ya wagonjwa wenzake, kwamba akiendelea hivyo atakatwa mguu.

Maneno yale yalimwingia. Tangu siku hiyo, asubuhi alikunywa chai kavu, haina sukari wala mkate wa pembeni, akameza vidonge vyake vya aina mbili, akaenda kazini, na hakutia kitu kinywani mpaka arudi nyumbani saa kumi. Hapo alikula kama mtu aliyetoka kulima: wali sahani mbili, maharage, viazi, ndizi za kushushia. Akilala, analala fofofo. Akiamka, kiu imemkausha ulimi na kichwa kizito. Lakini alijiona ameshinda vita. Ukimkaribisha chakula alikwambia, "Mimi mchana sili," kwa sauti ya mtu anayetaja sadaka yake.

Makosa yalianza kidogo kidogo. Mtu aliyetaka maabara alipelekwa kufulia. Mganga mkuu aliunganishwa na jikoni, akacheka, akaagiza chai. Mara nyingine alinyanyua simu na salamu aliyoitoa maelfu ya mara ikagoma kutoka. Mikono ilimtetemeka, na jasho likamtiririka mgongoni huku feni ikimpuliza. Binti wa zamu ya jioni alipoingia kumpokea, alimkuta amekaa ametumbua macho, na akimsalimu anajibiwa, "Umechelewa tena," ilhali saa ya ukutani inaonyesha amewahi dakika kumi. Mama Namba alijiambia ni uzee. Uzee alikuwa na sababu ya kuuogopa, lakini hilo hakumwambia mtu.

Kisha likaja jambo la Alhamisi. Alisimuliwa baadaye na watu, kwa sababu yeye mwenyewe halikumbuki hata chembe.

Kama saa sita na nusu mchana, fundi rangi mmoja alipiga simu kutoka kwenye jengo alilokuwa akipaka. Mkewe alikuwa ameingia alfajiri kujifungua mtoto wao wa kwanza. Aliomba wodi ya wazazi. Wodi ya wazazi ilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Chumba cha maiti kilikuwa mia mbili na kumi na tatu. Aliunganishwa na chumba cha maiti.

Aliyepokea huko alikuwa mhudumu mwenye kazi nyingi siku hiyo. Fundi rangi alimtajia jina la mkewe, akasema anaulizia hali yake. Mhudumu hakusikia vizuri, akajibu kama alivyozoea kujibu wote, kwa upole, "Poleni sana, ndugu yangu. Hapa ni chumba cha maiti. Mnakuja kuuchukua mwili lini?"

Fundi rangi alikaa juu ya kopo la rangi. Baada ya muda alijikaza, akapiga tena, akauliza sauti ya mapokezi kama ni kweli. Sauti ikamjibu, "Nimeshakuunganisha. Usinisumbue," na simu ikakatwa.

Wenzake walimpakia kwenye gari la kubebea mchanga wakamleta. Walimkuta mkewe amekaa kitandani anakunywa chai, na mtoto wa kike amelala ubavuni mwake. Ndugu wawili walikuwa wameshapigiwa simu za msiba. Mama mkwe wake alikuwa ameanguka sebuleni, kilomita nyingi kutoka pale.

Fundi rangi hakufoka. Alishuka ngazi mpaka chumba cha simu, rangi nyeupe imemkaukia kwenye vidole na nyusi, akasimama mlangoni.

"Mama, ni wewe uliyenipokelea simu saa sita na nusu?"

Mama Namba alikuwa ametoka kunywa soda iliyoachwa na binti wa jioni, maana alihisi dunia inamzunguka. Alimtazama yule kijana na hakumtambua.

"Napokea simu nyingi, baba. Ulitaka wapi?"

"Nilitaka wodi ya wazazi. Nimemlilia mke wangu saa nzima akiwa hai."

Akamweleza. Alieleza polepole, bila kutukana, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwani angetukanwa angepata pa kujitetea. Alipofika pale pa "usinisumbue," Mama Namba alitikisa kichwa.

"Sijasema hivyo. Mimi sisemi hivyo na watu."

"Umesema, mama," alijibu yule kijana, kisha akaenda zake.

Kesho yake Mama Namba aliitwa na mkuu wa utawala, mwanamume wa umri wa mwanawe, ambaye watumishi walimwita Bwana Barua kwa kuwa kila neno lake lilikuja kwa maandishi. Siku hiyo barua alikuwa nayo mezani, lakini hakumpa mara moja. Aliizungusha zungusha kwanza.

"Mama, mimi nimeajiriwa hapa nikakukuta," alisema. "Sipendi hata kidogo kukaa hivi mbele yako. Lakini makosa ni kumi na moja tangu mwezi wa tatu. Haya ni yale yaliyoandikwa tu."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja. Nenda nyumbani wiki tatu. Urudi na cheti cha daktari kinachosema kichwa chako kiko sawa na kazi hii. Bila hicho, tutaongea habari ya kustaafu mapema."

Alitembea kwenda nyumbani na barua mkobani. Njiani alijaribu kuzihesabu namba moja baada ya nyingine, kuanzia geti. Alipofika za ghorofa ya kwanza zikamchanganyika, akaacha.

Mumewe alikuwa fundi wa vyerehani, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa karakana yake. Mkewe naye alimwita Fundi, kama wateja. Fundi alisoma barua mara mbili, akaifuta alama ya mafuta aliyoiachia pembeni, akairudisha kwenye bahasha.

"Unga haujamwagika bado," alisema. "Wametaka cheti tu."

"Cheti cha kuthibitisha kwamba sina wazimu."

"Basi tukichukue. Mimi mwenyewe nakihitaji."

Mama Namba hakucheka. Jioni binti yao, mwalimu wa chekechea aliyeishi mtaa wa pili, alikuja baada ya kusikia. Alimsalimia mama yake, akamkalisha, akamshika mkono kwa namna ambayo Mama Namba aliichukia papo hapo, kwa sababu ndivyo alivyowashika watoto wake wa shule wanapojikojolea.

"Mama, usiwe na hofu. Hata bibi alianza hivi hivi."

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipotajwa. Mama yake Mama Namba alikufa akiwa hajui nyumba ni ya nani. Miaka yake minne ya mwisho aliishi nao, kwenye chumba cha nyuma. Asubuhi alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, anachambua mboga, anauliza habari za majirani. Kufika adhuhuri aligeuka: anatukana, anatafuta mlango wa kutokea, anamwita mwanawe mwizi. Walisema ni uzee. Daktari naye alisema ni uzee. Mama Namba alimuuguza, na mara nyingi alimjibu kwa ukali uleule, na sasa kila kosa la kazini lilikuwa kama kumwona mama yake anamkaribia.

Fundi akasema, "Mimi siijui akili. Lakini cherehani ikiruka nyuzi, swali la kwanza ni inaruka wakati gani. Wewe, bibie, siku ukiwa nyumbani hushindi mkali. Saa sita mpaka saa tisa ndio nyumba inawaka moto. Ukishakula, unarudi."

"Kwa hiyo mimi ni cherehani?"

"Wewe ni mke wangu, na sasa hivi umeshakula, ndiyo maana nimethubutu kusema."

Jumatatu alipanda kliniki ya sukari akiwa na barua. Hakwenda kwa daktari aliyemtishia mguu. Alikwenda kwa Sista, muuguzi mkuu wa kliniki, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye walikuwa wakizungumza kwa simu kila siku miaka kumi na miwili. Ilikuwa saa tano na robo. Alikuwa amekunywa chai yake kavu na vidonge vyake tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Sista aliisoma barua huku akimchoma kidole. Mashine ilipotoa jibu aliweka barua chini.

"Mbili nukta tisa. Iko chini mno," alisema. "Unajisikiaje?"

"Kawaida."

"Namba ya famasi ni ngapi?"

"Famasi." Mama Namba alifungua mdomo. Alikiona kitufe chenyewe, cha safu ya pili, rangi yake imefifia kwa kubonyezwa, lakini namba haikuwepo. "Usinifanyie mtihani wa watoto, Sista. Sikuja hapa kuchezewa."

"Sikuchezei. Kunywa hii."

Alikuwa ameshakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye bilauri ya maji.

"Mimi mgonjwa wa sukari, unaninywesha sukari?"

"Kunywa, mama. Tutagombana ukimaliza."

Alikunywa. Sista aliendelea kupanga mafaili yake bila kumsemesha. Nje, kwenye mabenchi, wagonjwa waliita namba zao za foleni wenyewe kwa wenyewe. Ikapita kama robo saa. Jasho lilikauka shingoni, na vitu vya mle chumbani vikarudi mahali pake, kimoja kimoja: ratiba ukutani, mzani, kikapu cha pamba.

"Mia moja arobaini na sita," alisema Mama Namba. Hakuna aliyemuuliza. "Famasi."

Sista alimchoma tena. Tano nukta nane. Akavuta kiti.

"Mchana unakula nini?"

"Mchana sili," alijibu, na kwa mara ya kwanza ile sauti ya kujivuna haikutoka vizuri.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoambiwa mguu utakatwa."

Sista alivua miwani akaiacha ining'inie kifuani. Alikuwa amechoka, ilionekana kwamba alikuwa ameyasema maneno hayo kwa watu wengi na bado hayajaisha.

"Alikutisha mguu, hakukuuliza unakula nini. Sikiliza. Kidonge chako kimoja, hiki cha rangi ya waridi, kazi yake ni kuisukuma sukari ishuke. Hakijui kama umekula. Ukila, kinashusha ya chakula. Usipokula, kinashusha hata ile ambayo kichwa kinaihitaji kufikiri. Ubongo hauna ghala, mama. Misuli ina akiba, ini lina akiba. Ubongo unakula papo kwa papo, na ukikosa unaanza kuzima taa. Unazima namba. Unazima adabu. Unazima kumbukumbu ya saa ile, ndiyo maana humkumbuki yule kijana. Halafu jioni?"

"Jioni nakula."

"Unakula chakula cha siku nzima kwa saa moja. Nikikupima saa mbili usiku sitashangaa kuona kumi na nane. Huko juu nako kichwa hakiko sawa, kinakuwa kizito, kinaelewa polepole. Kisha unalala, unaamka, tunaanza tena. Umekiendesha hivyo miezi minane."

Mama Namba alitazama vidole vyake, kimoja kina tone dogo la damu.

"Kwa hiyo sina ugonjwa wa mama yangu."

"Sijasema hivyo. Sijui. Kwanza tutulize hii sukari, ndipo tujue nini kimebaki."

Alipewa mashine ya kupimia ya kwenda nayo nyumbani na daftari la mistari. Apime mara nne kwa siku, na mara yoyote anapojihisi si mzima, aandike saa, namba, na kando yake hali ya kichwa kwa neno moja au mawili. Daktari mwingine wa kliniki, mwanamke kijana aliyeongea kwa sauti ya chini, alimwondolea kile kidonge cha waridi na kumpa kingine kisichoshusha kwa nguvu namna ile.

Wiki ile ya kwanza ilimchosha kuliko kazi. Vidole viliuma mpaka kushika kikombe ikawa shida. Asubuhi alikula kipande cha mkate na yai, saa nne ndizi, saa saba sahani ya kiasi, jioni sahani nyingine ya kiasi, na kila mlo alihisi anaiba. Miezi minane alijifundisha kwamba njaa ni uzima. Sasa tumbo likiwa na kitu aliona mguu unakatwa. Daftari likaanza kujaa mwandiko wake: *saa nane, 12.4, nimelegea. Saa tano, 4.1, nimemgombeza Fundi bila sababu. Saa moja jioni, 15, sielewi habari kwenye redio. Saa saba, 6.9, sawa.* Neno "sawa" lilikuwa moja moja mwanzoni. Wiki ya pili likaanza kuongezeka.

Siku ya kumi alikuwa amekaa karakanani, Fundi anafungua tumbo la cherehani kubwa ya kushonea ngozi. Daftari lilikuwa mapajani. Alikuwa akilisoma kuanzia mwanzo, kisha akaacha kusoma.

"Mama alikuwa na sukari," alisema.

"Alikuwa nayo."

"Alikuwa anameza kidonge cha waridi. Mimi ndiye niliyekuwa nampa. Kila asubuhi."

Fundi aliweka bisibisi chini.

"Alikuwa hali vizuri. Unakumbuka? Anachokonoa tu sahani. Saa sita akianza fujo alikuwa ananiomba chai yenye sukari. Anasema, nipe chai ya sukari mwanangu, mara anatukana, mara anaomba tena. Na mimi nikamwambia haruhusiwi. Nikaficha kopo la sukari juu ya kabati. Siku moja alipanda kiti kulitafuta, nikamshusha kwa nguvu. Nikamwambia maneno." Alifunga daftari. "Nikamwambia ananiaibisha."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, mpaka ikawa safi kuliko ilivyowahi kuwa, akaja kukaa karibu naye kwenye benchi la wateja. Mteja mmoja alifika mlangoni na cherehani kichwani, akawaona, akasema atarudi kesho.

Swali hilo alilipeleka kwa Sista wiki ya tatu. Alilitoa akiwa amesimama, mkoba begani, kama mtu aliyesahau kuuliza kitu kidogo.

Sista alifikiri kabla ya kujibu. "Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana. Hakuna aliyempima saa zile. Huenda ilikuwa sukari, huenda ulikuwa ubongo wenyewe, mara nyingi ni vyote viwili. Ulimpa dawa uliyoandikiwa na ukamnyima kitu ulichoambiwa umnyime."

"Hiyo ni kunifariji?"

"Hapana. Ndivyo ilivyokuwa."

Mama Namba alikubali kwa kichwa. Alishuka ngazi polepole, akipita mbele ya chumba cha simu bila kuingia.

Daktari kijana alimfanyia mtihani wa kichwa siku ambayo sukari yake ilikuwa sita na nusu, ili pasiwe na kisingizio. Alichora saa, akahesabu kurudi nyuma. Alipewa maneno matano ayashike, wakazungumza habari za mvua, kisha akaulizwa maneno yale. Alirudisha matatu. Aliyatafuta mengine mawili mpaka machozi yakamlengalenga, si kwa huzuni, kwa kuchoka.

"Lile la kuzimika mchana tumelipata," alisema daktari. "Daftari lako limenionyesha wazi kuliko kipimo chochote. Haya maneno mawili siwezi kukuahidi. Sukari ikipanda na kushuka kwa miaka huacha alama kichwani. Huenda ikabaki hapo ilipo, huenda ikasogea. Ukiishika sukari isirukeruke, unaipa nafasi ya kubaki. Hicho ndicho ninachoweza kukuandikia."

Akaandika hivyo, na cheti kikaenda kwa Bwana Barua.

Mama Namba aliingia ofisini kwake akiwa ameshakula cha saa nne. Hakungoja aulizwe.

"Nataka kurudi," alisema, "lakini si kama zamani. Saa nne niache simu dakika kumi nile, na saa saba dakika ishirini. Mtu wa ofisi yako anishikie. Ile karatasi ya namba iwekwe mezani kwangu. Na chumba cha maiti kipewe namba isiyofanana na wodi yoyote. Hata mtu mzima mwenye akili timamu angeweza kukosea zile."

Bwana Barua aliandika. Alipomaliza alimtazama. "Hili la chumba cha maiti mbona hujalisema miaka yote hii?"

"Nilikuwa sikosei."

Alirudi. Hakurudi kuwa yule yule. Alisoma namba kwenye karatasi kwa kidole, na waliopiga simu walingoja kidogo zaidi. Madaktari wengine walidhani amewekwa mtu mwingine, mpaka waliposikia sauti. Binti wa jioni alijifunza kumwuliza "umekula?" badala ya "shikamoo", na baadaye akajirekebisha, akawa anaanza na shikamoo.

Mama Namba mwenyewe alimpigia simu fundi rangi, mwezi wa pili baada ya kurudi. Namba yake ilikuwa kwenye faili la malalamiko. Alijitambulisha, akamweleza kilichokuwa kimempata siku ile, kifupi, bila kujitetea, akaomba radhi. Upande wa pili mtoto alikuwa analia.

"Nimekusikia, mama," alisema yule kijana. "Pole na maradhi. Lakini mimi mpaka leo simu ikilia moyo unaruka. Mke wangu ananishangaa. Sijui kama hilo litaisha."

"Nimeelewa, baba."

"Haya. Mtoto analia, niende."

Akakata. Mama Namba alivua vifaa vya masikioni, akavishika mapajani kwa muda, taa za simu zinazongoja zikimulika mezani. Kisha akavivaa tena.

Nyumbani, kitu kilichomtesa zaidi hakikuwa vidole wala mlo. Ni kwamba hakuwa tena na hasira yake. Akipaza sauti tu, mashine ya kupimia inaletwa. Jumamosi moja alirudi sokoni akamkuta binti yake jikoni na Fundi, wanaongea kwa kunong'ona. Alisikia "bora aache tu," akasikia "akizidiwa nani atakaa naye." Aliweka kikapu chini kwa kishindo, nyanya mbili zikaviringika mpaka chini ya meza, akawaambia yaliyomjia.

Alipomaliza, binti yake akasema kwa ile sauti yake ya chekechea, "Mama, umekula? Hebu tupime kwanza."

Mama Namba aliinyakua mashine mwenyewe. Alijichoma kidole huku akiwatazama usoni, akaweka tone la damu, akangoja. Wote watatu waliinama juu ya kile kioo kidogo.

Sita nukta mbili.

Fundi aliisoma kwa sauti, akakuna kidevu. "Basi ni wewe mwenyewe, bibie."

"Ni mimi mwenyewe. Nimekasirika na nina sababu. Mnanizungumzia jikoni kwangu kama mzigo unaotafutiwa pa kuwekwa. Kama kuna la kusema, mniambie nikiwa nimekaa, nikiwa nimekula, saa ambayo naelewa. Saa hizo ninazo nyingi kuliko mnavyodhani."

Binti aliinama kuokota nyanya chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko nyanya mbili zinavyohitaji. Alipoinuka alikuwa ameacha ile sauti.

"Naogopa, mama," alisema. "Naogopa siku utakayonisahau."

"Na mimi naogopa."

Mama Namba alivuta kiti akakaa, akamwonyesha kingine. Fundi alitaka kuondoka, akaambiwa abaki. Walikuwa na mengi ya kupanga: nani ashike vidonge, nani aende naye kliniki, nini kifanyike akianza kupotea njia. Binti alitafuta kalamu kwenye mkoba wake. Chai ilikuwa imepoa, wakaipasha moto, wakaanza na la kwanza.